Daftari la Chumba Namba Tatu

Kazi yangu mimi ni kuandika.
Jina, umri, uzito, kundi la damu,
na safu nyembamba ya sahihi au dole gumba.
Safu ya dini haimo.
Aliyelichora daftari hili alikuwa na haraka,
au alikuwa na akili.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia masika.
Barabara ya Konde ilikatika pahala pawili,
waja wazito wakaletwa Wete kwa gari la ng'ombe,
wamefunikwa turubai kama karafuu zinazoogopewa mvua.
Friji ya damu ilikuwa na mifuko miwili
na mkoromo.

Bi Raya Shaame, muosha maiti wa Jadida,
alirudi kumuosha Time binti Kombo, miaka ishirini na mbili,
akakaa kwenye benchi langu, mikono bado inanuka kafuri.
"Nimechoka," akasema,
"kuwaosha watu waliotakiwa wanioshe mimi."

Hakuhutubu. Alikwenda kwa imamu,
kisha akaruka mtaro kwenda kwa watu wa kanisa,
akamkuta Mwalimu Leonsia Mapunda anasahihisha hesabu za watoto.
Wakapanga zamu kama watu wa upatu:
mchana, wasiofunga;
usiku, baada ya tarawehe, waliofungua.

Friji ikafa Ijumaa.
Tukakaa ngazini kwa mkuu, mabuibui na rozari,
bila bango, bila kelele,
siku tatu,
mpaka bwana mkubwa akachoka kuturuka.
Ya nne, fundi akaja.

Mbarouk Faki, mwenye duka la misumari,
aliuliza mbele za watu:
"Damu ya mnywa tembo imwingie mwanangu?"
Bi Raya akamtazama kama mtu aliyepunjwa chenji.
"Mbarouk, ukizama bandarini
na mkono ukakushika,
utauuliza kama umetawadha?"

Usiku wa kumi na tisa akaletwa Hidaya, mwanawe.
Mtoto alitoka analia.
Mama alitoka kimya.
Nikafungua friji: namba arubaini na moja.
Naijua namba arubaini na moja.
Alikuja adhuhuri na viatu vya mpira,
akaucheka mwandiko wangu.
Mfuko ulining'inia mpaka alfajiri, tone, tone,
na Mbarouk chini yake, tasbihi mkononi,
sijui akihesabu nini.

"Ya nani?" akaniuliza.
"Kundi O."
"Nakuuliza ya nani."
Nikafunga daftari.

Usiku uliofuata alikuja, akakunja mkono wa kanzu.
Presha ikakataa.
Akarudi tena. Ikakataa.
Vijana wakacheka, akateremka ngazi
ameusahau mkono wa kanzu umekunjwa vile vile.

Siku ya tatu, saa saba, jua utosini,
nikamwona anatoka kwake, kafunga, midomo mikavu,
kabeba chano, kawa juu,
anakatiza baraza ya Utaani iliyojaa macho.
"Mbarouk! Mchana huu? Mwezi huu?"
Hakugeuka.
Chini ya kawa: chupa ya chai ya tangawizi,
mikate ya kumimina, mayai manne.
Aliweka nje ya pazia, akagonga ukuta mara mbili,
akaondoka kabla hajashukuriwa.
Hivyo hivyo kila siku, mpaka mwezi ukaandama.

Idi mosi Mwalimu Leonsia alimrudishia chano.
Chombo cha mtu hakirudi kitupu;
alikitia maembe na chokaa mbili za ubaoni,
kwa mjukuu, atakapokua.

Mpaka leo Mbarouk akipita dirishani
halitazami jicho langu, hulitazama daftari.
Simwambii.
Lakini wino wa arubaini na moja ulianza kufifia,
na jana, chumba kitupu,
niliyapitia majina yake yote mawili
kwa kalamu mpya.